Gazeti Lililobaki Juu

Wexcombe, Indiana
20 Agosti

Kwa Bibi yangu Verna,

Shikamoo Bibi. Goti la kushoto linasemaje? Mimi sijambo, nakula na kulala, ila joto la huku ni la majimaji: ukivaa shati limeshalowa kabla hujafunga vifungo.

Najua umekasirika. Baba ameniambia kwamba siku hizi ukisikia jina langu unaanza kuosha vyombo ambavyo tayari ni visafi. Ningekupigia, lakini simu na sikio lako havijawahi kupatana. Mara ya mwisho nilikwambia nimefaulu hesabu, ukanipa pole. Kwa hiyo naandika. Wewe ulikaa nyuma ya kaunta ya posta miaka thelathini na moja, na umetufundisha sote kwamba neno lisilo na stempu ni upepo.

Nisamehe, Bibi. Nilipaswa kuja mwenyewe kukuambia kwamba nahama chuo chetu cha Lindgard. Na nilikuja, Jumatano ile ya Aprili. Nilifika hadi barazani kwako. Nikakuona dirishani unachoma lefse, zile chapati zako za viazi, umejifunga jezi yangu kuukuu ya mazoezi kama aproni, na miguu ikakataa kabisa. Nikarudi garini, nikasema kesho. Kesho yake gazeti letu la Tarishi likatoka, habari ikiwa ukurasa wa kwanza.

Huku kila kitu ni kikubwa. Kwetu Lindgard tuko wanafunzi elfu moja na mia tisa, na bado tunacheza mpira wa kikapu daraja la juu na hawa wenye wanafunzi elfu thelathini na nane. Ukumbi wao unachukua watu elfu kumi na nne. Nilimuuliza mlinzi watu wanajuaje pa kukaa, akanishangaa, akasema imeandikwa kwenye tiketi. Bandani, kwenye ukumbi wetu, nani amewahi kusoma tiketi? Mtu anakaa alipokaa mama yake.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Mjukuu wako,
Marit


Hesper Ford, South Dakota
2 Septemba

Kwa mjukuu wangu mtoro,

Marahaba. Goti linasema mvua inakuja, na halijawahi kudanganya kama watu wengine ninaowajua.

Matusi nilikuwa nayo ya kutosha, nikayaandika, kisha nikayatia jikoni yakaungua. Lakini moja nitalisema. Kusoma gazetini kwamba mjukuu wangu ameondoka, kama ninavyosoma bei ya mahindi! Dorrit ndiye aliyeniletea. Alilishika lile gazeti kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akasema, "Verna, kaa kwanza." Miaka thelathini na minane tunakaa pamoja safu ya sita Bandani. Na baba yako alikuwa anajua, akanyamaza kama gogo. Naye nimemnunia, mwambie.

Sasa hapa mjini kila mtu ana jibu lake. Kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, mchungaji anasema umefuata pesa. Dorrit anasema umefuata mvulana. Orrin wa Tarishi, ambaye ndiye aliyeandika habari yenyewe, anasema umefuata televisheni. Mimi nikiulizwa nasema sijui, na huko kutojua kunaniwasha kuliko mbu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Ulipokuwa ukiingia uwanjani Banda zima lilikuwa linasimama, hata wakulima wenye nyonga za chuma. Watoto walikata nywele kama zako. Mwenye duka la vyuma alikuwa hakuuzii msumari, anakupa. Sasa ulikosa nini, mwanangu?

Swali langu ni hilo moja, wala sitaki jibu la gazetini. Mbona uliondoka?

Bibi yako,
Verna


Wexcombe
24 Septemba

Kwa Bibi Verna,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za bweni, nikacheka peke yangu mpaka msichana mmoja akaniuliza kama niko salama. Si pesa, si mvulana, si televisheni. Waambie wote watatu wamekosa.

Swali lako nimelishika. Naligeuzageuza, lakini jibu bado halijakaa vizuri mdomoni, na nikilisema vibaya utalitia chumvi ukamweleze Dorrit. Nipe muda.

Acha nikusimulie mambo ya huku kwanza. Tuko wasichana kumi na wanne. Siku ya kwanza ya mazoezi kocha alituambia tutaje tulikotoka na tulichokuwa tukifanya huko. Wa kwanza alikuwa mfungaji bora wa jimbo lake. Wa pili naye. Wa tatu kuna barabara imeitwa jina lake. Ikaja zamu yangu, nikasema naitwa Marit, natoka Hesper Ford, nikakaa chini. Kila mmoja hapa alikuwa Marit wa kwao.

Hakuna anayenichukia. Ila hakuna anayenijua pia. Juzi nilikwenda dukani, nikanunua sabuni, mwenye duka hakuniuliza kuhusu kifundo cha mguu wangu. Nilitoka nje nikasimama, sijui nifurahi au nihuzunike.

Nani amepewa nafasi yangu Bandani? Ni mrefu? Anatumia mkono gani?

Mjukuu wako,
Marit


Hesper Ford
14 Novemba

Kwa Marit,

Marahaba. Mimi mzima, theluji ya kwanza imeshaanguka na imeshanichosha.

Nafasi yako amepewa mtoto mmoja kutoka Nebraska, Tamsin Oyler, mfupi, utadhani amekuja kuuza biskuti. Nilipomwona nikamwambia Dorrit, "Tumekwisha." Kumbe mtoto ana mbio! Mpira anaupitisha katikati ya miguu ya majitu kama mtu anayepita shambani kwa baba yake. Jumamosi tulifungua msimu, watu elfu tatu na mia moja, Banda limejaa mpaka waliokosa nafasi wakasimama kwenye ngazi za dharura. Tuliwashinda wageni kwa alama kumi na mbili, na wageni wenyewe ni chuo chenye bajeti ya kujenga mji.

Magazeti yalifunguka vizuri sana. Walipoanza kutaja wachezaji wa wageni, Banda zima likafungua Tarishi mara moja, fwaa, nyuso zote nyuma ya karatasi, kana kwamba anayetajwa hayupo. Mgeni wa kwanza akitajwa anaona habari za mnada wa ng'ombe. Wa pili akitajwa, vifo na ndoa. Orrin anasema hayo ndiyo magazeti pekee anayouza ambayo hakuna anayelalamikia yaliyoandikwa, kwa sababu hakuna anayesoma. Ni kweli. Mimi miwani ya kusomea siendi nayo kabisa. Naenda na ya mbali, ya kuwaona nyinyi.

Nimesema nyinyi. Mkono umezoea.

Haya, swali langu liko wapi? Umelitafuna miezi miwili, sasa limeze au litoe.

Bibi yako,
Verna


Wexcombe
9 Januari

Kwa Bibi Verna,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Chapati za viazi zilifika zimevunjika vipandevipande, na bado wasichana kumi na wanne walizigombania. Wanauliza kama bibi yangu anaweza kuwachukua wote.

Sasa nakujibu.

Najua huko mechi zetu hazionyeshwi sana, kwa hiyo nikwambie mwenyewe: naingia dakika sita, siku nyingine nne. Nakaa benchi. Sikwambii ili unionee huruma. Nakwambia kwa sababu ndilo jibu lenyewe.

Ulisema mcheza kwao hutuzwa. Bibi, neno hilo ndilo lililoniondoa. Kule kwetu nikikosa kikapu Banda lilikuwa linapiga makofi, "Nusura iingie, Marit, nusura!" Nikifunga wanalia kwa furaha. Nikipita barabarani wananipa misumari. Nikaanza kujiuliza: hivi wananituza kwa sababu nacheza vizuri, au kwa sababu nacheza kwao? Swali likaniingia kama kokoto kwenye kiatu. Nilicheza nalo msimu mzima wa pili. Nikafunga alama thelathini na moja ile siku ya nusu fainali, mkanibeba juu, na mimi nikiwa huko juu nilikuwa nauliza, je, ni kweli?

Hilo haliwezi kujibiwa Bandani. Ilibidi nikacheze ambako hakuna mtu anayemjua bibi yangu.

Halafu kuna jambo lingine nimeligundua. Huku mgeni akitajwa hawafungui magazeti, wanazomea tu. Mimi kwetu miaka miwili nilikuwa nimesimama upande wa wenyeji, nacheka. Sikuwahi kujiuliza yule msichana wa upande wa pili anaona nini. Anaona kuta za karatasi, Bibi. Ametoka mbali, jina lake limetajwa, na hakuna jicho hata moja.

Sijui mbona nimeandika hilo. Nimefikiri tu.

Mjukuu wako,
Marit


Hesper Ford
3 Februari

Kwa Marit,

Marahaba. Barua yako sikumsomea Dorrit, ingawa alizunguka nyumba yangu siku tatu akijidai amepoteza paka. Paka wake alikufa mwaka juzi.

Nimekaa nayo. Kwanza nilikasirika, nikasema huyu mtoto anatuona sisi wajinga, tunapiga makofi tusijue tunachopigia. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilipata barua ya kunihamisha posta ya Minneapolis, mji mkubwa, ngazi ya juu. Sikwenda. Babu yako alisema hapa kila mtu ananipenda, nikabaki. Sijajuta. Lakini sikuwahi kujua kama ningeweza huko, na wewe umenikumbusha kwamba sikujua.

Basi niulize tena, kwa udadisi tu wa kizee: na umejua? Wewe ni hodari kweli, au hodari wa kwetu?

Lindgard imeshinda kumi na moja mfululizo. Tukichukua ubingwa wa ukanda wetu tutaingia mashindano ya taifa, na huko watatupeleka kwa mmoja wa wakubwa. Watu wameanza kupaka mabasi rangi.

Bibi yako,
Verna


Hesper Ford
Jumapili, 17 Machi
(kwa posta ya haraka)

Marit mwanangu,

Leo sina salamu ndefu, nataka barua hii ikufikie mapema.

Ubingwa tumeuchukua, umesikia. Leo alasiri mji mzima ulikusanyika Bandani kutazama droo ya taifa kwenye ukuta. Kila mtu na sufuria lake la chakula. Jina la Lindgard lilipotokea, vijiko viliruka. Watoto wakapanda mabegani. Halafu likaandikwa jina la tutakaocheza nao, tena kwao, Ijumaa mchana. Wexcombe.

Watu elfu mbili wakanigeukia mimi.

Dorrit, ambaye hajawahi kuona jeraha asilitie kidole, akasema kwa sauti, "Haya Verna, utafungua au hutafungua?" Orrin akasema yeye atachapa nakala mia nne za ziada, atazipakia kwenye mabasi. Nikaona wote wananingoja. Nikasema nitafungua. Nilimfungulia hata mtoto wa dada yangu Gudrun alipokuja na timu ya wageni, na Gudrun hakusema nami mpaka Krismasi. Magazeti hayana undugu. Hivyo ndivyo nilivyosema, na watu wakapiga makofi.

Nakwambia mapema usije ukashtuka. Wanaotajwa ni wale watano wanaoanza, na wewe huanzi, kwa hiyo huenda nisijaribiwe. Lakini kama utatajwa, sijui mkono wangu utafanya nini. Nimesema nitafungua, na mimi si mtu wa maneno mawili. Ila nimefika nyumbani nikaosha vyombo visafi.

Baada ya mechi nitakungoja kwenye mlango wa wachezaji. Nitakuwa na kopo la lefse.

Bibi yako,
Verna


TARISHI LA KAUNTI
Alhamisi, 21 Machi, ukurasa wa tatu

Kwa Bibi yangu Verna Tollefsrud, na kwenu nyote mlioshika gazeti hili mbele ya nyuso zenu:

Habari za safari. Najua hamna kawaida ya kusoma mkiwa uwanjani, lakini leo nawaomba msome. Barua ya Bibi ilinifikia Jumatano asubuhi. Yangu isingeweza kumfikia kabla hajapanda basi, na simu haisikii. Nimempigia Bwana Orrin, akanipa nafasi hii na kuahidi kwamba magazeti hayatafunguliwa mpaka mkiwa vitini.

Kocha ataniita wa tano leo, kwa heshima ya nilikotoka. Ni leo tu. Siku nyingine mimi ni mchezaji wa dakika sita.

Mmejiuliza kwa nini niliondoka. Nilitaka kujua kama mimi ni hodari, au ni hodari wa kwenu tu. Bibi, umeniuliza kama nimejua. Nimejua. Kati ya wasichana kumi na wanne, mimi ni wa tisa. Sijutii kujua. Ninachojutia ni kwamba niliondoka bila kuaga watu walionilea, na hilo halikuwa lazima.

Magazeti ni ya wageni. Kama mimi ni mgeni, yashikeni juu, ni haki yenu. Kama si mgeni, jina langu likitajwa yashusheni.

Bibi, nitakutazama wewe kwanza.

Mjukuu wako,
Marit


Hesper Ford
Jumamosi, 23 Machi

Kwa Marit,

Tumerudi leo asubuhi. Mgongo umekufa ganzi, miguu imevimba, mengine salama. Wewe hujambo? Nauliza kwa sababu sikukuona.

Nilisimama kwenye ule mlango wa wachezaji saa nzima na kopo langu. Walitoka wasichana kumi na watatu, nimewahesabu. Mmoja akaniuliza kama mimi ndiye bibi wa chapati za viazi. Nikasema ndiyo, akanitazama vibaya, akaenda zake. Wewe hukutokea. Dereva akapiga honi mara tatu.

Nimekukosea nini? Kama ni gazeti, nilikwambia mapema. Lakini nikueleze ilivyokuwa, maana hukuona nyuma ya karatasi. Ule ukumbi wenu una ngoma na moto wa bandia na kelele za kutoboa fuvu. Mimi kile kidude changu cha sikioni nilikitoa nikakitia mfukoni. Sikusikia kitu. Tulipewa magazeti, tukafungua kama kawaida walipoanza kutajwa wenu. Nikachungulia kwa juu, nikauona uso wako kwenye ile televisheni yao, mrefu kuliko nyumba yangu. Nikajua umeanzishwa. Mtoto wangu, nililia. Nililia kama siku ya kumzika babu yako. Na Dorrit yuko ubavuni, na Dorrit akiona chozi moja atalisimulia hadi Pasaka. Nikajificha nyuma ya gazeti mpaka macho yakauke. Nilipolishusha mpira ulikuwa umesharushwa, nikaona umekosa mitupo yote miwili ya bure na kocha amekutoa. Hukurudi tena. Unaumwa?

Tulipigana vizuri, sitini na sita kwa sabini na moja, hata watu wa kwenu walimpigia makofi Tamsin. Lakini basini hakuna aliyezungumza nami. Dorrit alihamia kiti cha Orrin. Miaka thelathini na minane, akahama! Nadhani ni uchungu wa kufungwa.

Niandikie upesi.

Bibi yako,
Verna


Wexcombe
Jumapili, 24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Leo sitauliza goti.

Tumetolewa leo, msimu umekwisha.

Ijumaa nilipotajwa niligeuka upande wenu, kama nilivyoahidi. Magazeti mia nne yalikuwa juu. Yakaanza kushuka, safu kwa safu. Yule wa duka la vyuma alishusha. Mchungaji alishusha. Dorrit alishusha, akalikunjakunja akalikalia. Watu walikuwa wamesimama wananiita jina. Likabaki gazeti moja. Niliijua mikono iliyolishika. Wote walikuwa wanakutazama wewe, na wewe hukulishusha.

Sikukuomba usahau. Niliomba unitazame tu.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ulisema wewe si mtu wa maneno mawili, nami nimelisikia hilo moja. Usijibu.

Marit


Hesper Ford
30 Machi

Kwa mjukuu wangu,

Umesema nisijibu. Mimi ni mtu wa posta, Marit. Barua iliyofika hujibiwa.

Barua yako nimeipata Alhamisi, imepishana na yangu njiani. Niliisoma mara tatu nisiambulie kitu. Magazeti gani yalishushwa? Uliniahidi wapi? Nikavaa koti nikaenda kwa Dorrit, nikagonga mpaka akafungua. Hakunikaribisha ndani. Akaniambia pale pale mlangoni, "Verna, nilijua una kichwa kigumu, sikujua kama na moyo ni wa jiwe. Mtoto amekuandikia vile, na wewe umekaa na karatasi yako!"

Nikamwambia, "Ameniandikia nini?"

Akauliza, "Hukusoma?"

Nikamwambia nani husoma?

Dorrit aliweka mkono mdomoni, akasema Orrin alipita safu zote akitangaza tusome ukurasa wa tatu, na mimi kidude changu cha sikio kilikuwa mfukoni. Akaingia ndani, akaniletea Tarishi na miwani yake ya kusomea, maana yangu ilikuwa nyumbani, ilikuwa nyumbani pia siku ile, kama siku zote. Nikasoma nimesimama kwenye theluji. Nilipofika "nitakutazama wewe kwanza" nilikaa chini kwenye ngazi zake, na hilo goti lisiniulize.

Mji mzima uliisoma ile barua, na ilikuwa yangu. Mimi niliyeandikiwa nilikuwa nimeishika mikononi, sentimita ishirini kutoka machoni, sikuiona. Miaka thelathini na moja nimewafokea watu wasiofungua barua zao. Dorrit alicheka mpaka akashika mlango, kisha akalia, kisha akaniomba msamaha wa kile kiti. Mimi sijacheka bado. Labda kiangazi.

Marit, sikuliacha juu kusudi. Sikujua ulikuwa umening'inia, unaningoja.

Na kuna jingine lazima niliseme, maana bila hilo nitakuwa nimejitetea tu. Nilipokuuliza "umejua?" nilijidai ni udadisi. Haukuwa udadisi mtupu. Nilikuwa nataka uniambie umekosea, urudi. Ndiyo maana nikawa na haraka ya kusema mbele ya watu kwamba nitafungua. Nilikuwa na kinyongo, nikakipa jina la mila. Kama miwani ningekuwa nayo ningelishusha, nina hakika. Lakini lililonifanya nikubali kulipandisha ni langu, na nakuomba radhi.

Wa tisa kati ya kumi na wanne, kwenye chuo kile! Mimi sijui mpira kiasi cha kusema ni jambo dogo au kubwa. Nilimuuliza Tamsin Oyler, nilimkuta dukani. Akasema, "Bibi, mimi ningetoa jino niwe wa kumi na nne." Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Na kama utabaki huko mwaka ujao, baki. Umekwenda kuuliza jambo, usiondoke katikati ya jibu kwa ajili ya kizee.

Baba yako nimemsamehe. Amenikatia tiketi ya basi. Dorrit anauliza nakwenda kutazama nini na msimu umekwisha. Nimemwambia juzi nilisafiri saa kumi na nne kwenda kumtazama mtu, na sikumtazama.

Basi linafika Wexcombe Jumanne, tarehe tisa Aprili, saa tisa alasiri. Nitashuka wa mwisho kwa sababu ya goti. Wewe simama tu mahali penye mwanga.

Bibi yako,
Verna